Mivuto Kumi

Kwa bei ya injini moja iliyojengwa na Unywele ungeweza kununua gari zima, lenye viti, redio na tairi la akiba, na ukabakiwa na hela ya kulioshea. Watu walimwambia hivyo karibu kila siku, tena kwa sauti ya kumfungua macho, kama vile mama wa watu hajui kuhesabu. Naye alikuwa na jibu moja tu: "Basi kanunue gari zima." Halafu anakugeuzia mgongo na kuendelea na kazi, wewe unabaki mlangoni unatafuta la kusema.

Jina la Unywele halikutokana na nywele. Nywele zenyewe hakuwa nazo. Kichwa alikinyoa kila Jumapili kikang'aa. Lilitokana na vipimo vyake. Angeinua kipimo kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akasema, "Hapa pamezidi robo ya unywele," na wenye adabu wakaitikia kwa kichwa ingawa hawakuona kitu. Wasio na adabu walisema mwenye kipara anapima nywele kwa sababu anazitamani.

Gereji ilikuwa ya marehemu baba yake, na aliwaachia watoto wawili, Unywele na kaka yake. Uwanja wa mbele, wenye geti na barabara, ulikuwa wa kaka mkubwa, ambaye mji mzima ulimwita Kontena. Kontena aliuza injini za mtumba. Zilikuja kwa meli zimefungwa kwenye nailoni, zikapangwa uwanjani moja juu ya nyingine, na yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki akipokea wateja. "Leo unachagua, kesho unaendesha," ndiyo ilikuwa kauli yake. Mtu mchangamfu, mkarimu, mwenye mdomo wa kumuuzia samaki maji. Siku nzuri aliuza injini sita kabla ya chakula cha mchana.

Unywele alijenga sita kwa mwaka. Chumba chake kilikuwa nyuma, chenye sakafu ya vigae na dirisha lililozibwa nailoni ili vumbi lisiingie. Humo alipima kila silinda sehemu sita, akazipima pistoni kwenye mizani kama mtu anayepima dhahabu, akakwangua gramu mbili hapa, gramu moja pale, mpaka zote nne zikalingana. Akikaza bolti alikaza kwa mpangilio, akilegeza na kukaza tena, na wakati huo usimsemeshe hata kama nyumba inaungua. Kontena alikiita chumba hicho "wodi ya wazazi", na wateja walikuwa wakivunjika mbavu.

Basi mwaka mmoja biashara ya Kontena ilinoga akaagiza mzigo mara mbili ya kawaida. Uwanja ukamshinda. Akaanza kukitolea macho chumba cha nyuma.

"Mdogo wangu," alimwambia asubuhi moja mbele ya wateja watatu, "wewe kile chumba unakikalia tu. Mle naweza kupanga injini arobaini."

"Pangia kichwani mwako, kuna nafasi."

Wateja wakacheka. Kontena naye alicheka, lakini alikuwa amechomwa, na mtu aliyechomwa mbele ya wateja wake ni mtu hatari.

"Sikia, niwaambie ukweli leo," akasema, akiwageukia. "Huyu ni dada yangu, nampenda. Lakini anachowauzia watu ni jina. Injini ni chuma. Kiwandani walishaifunga watu wenye akili zao, wenye mashine. Yeye anaifungua, anaifunga tena palepale ilipokuwa, anawaandikia bei ya kiwanja. Nikichukua injini yangu ya mtumba, nikaifungia turbo ileile ya kuipulizia hewa, hamtaona tofauti."

Hapo ndipo Unywele alipopandwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya kelele. Aliweka spana chini taratibu. Mezani kwake ilikuwepo injini ya daktari wa meno, mtu mpole wa wiki nzima ambaye kila Jumapili alikwenda kwenye mashindano ya kupanda mlima kwa gari, akarudi na sauti imekauka kwa kupiga kelele. Kontena mwenyewe alikuwa na gari la aina hiyohiyo.

"Turbo ileile," akasema Unywele. "Presha ileile. Twende kwenye rola. Kila gari livutwe mara kumi, moja baada ya jingine. Yangu ikitoa nguvu kidogo kuliko yako, au ikifa kabla ya mvuto wa kumi, chukua chumba."

"Na yangu ikifa?"

"Hutakitaja tena chumba hicho mpaka tunakuzika."

Wakapeana mikono. Wateja watatu wakawa mashahidi, na kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari. Daktari wa meno alipoulizwa kama anakubali gari lake liingizwe kwenye ubishi wa ndugu, alifurahi kama kaalikwa harusini. "Mimi mwaka mzima nashinda na watu wanaoniogopa," alisema. "Acheni nione watu wanaotafutana."

Sasa niseme jambo ambalo Unywele hakumwambia mtu wiki zile za kuijenga injini ya daktari. Alipofika kwenye ringi za pistoni alisita. Ringi ni duara la chuma linalovishwa pistoni, ila duara hilo halifungi. Ncha zake zinaachiana mwanya mdogo. Kitabu cha vipimo kilitaja mwanya wa chini kabisa kwa injini ya kawaida, na kikaonya kwamba yenye turbo iongezewe, bila kusema iongezewe kiasi gani mtu akiitesa. Yeye mwanya aliuchukia. Sifa yake yote ilikuwa kubana. Watu walimsifu kwamba injini zake hazivuji hata pumzi, na sifa ikizoeleka masikioni inaanza kushika kalamu badala yako. Alizichonga ringi kwa tupa, akaongeza unywele mmoja tu, akaona inatosha. Hata alijipongeza kidogo.

Jumamosi ya mashindano ilipofika, kwenye banda la rola palikuwa hapatoshi. Rola zenyewe ni magogo mawili ya chuma yaliyozama sakafuni. Gari linafungwa kwa minyororo, magurudumu yanazunguka palepale, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, na kioo ukutani kinaandika nguvu za farasi; huo ndio mvuto mmoja. Mwenye rola alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeziba masikio kwa pamba na kuwatazama wote wawili kwa huruma ileile.

Likaanza gari la Kontena. Likanguruma, likapanda, kioo kikaandika mia mbili sitini na mbili. Makofi. Likafuata la daktari wa meno. Mlio wake ulikuwa tofauti, wa juu na laini, usio na mikwaruzo, na hata waliokuja kumcheka Unywele walinyamaza. Mia mbili themanini na nane.

"Mwanzo mgumu," Kontena akasema, akajilazimisha kutabasamu.

Mvuto wa tatu lake likatoa mia mbili hamsini na nane. Wa tano, hamsini na moja. Joto lilikuwa linalila. La daktari lilirudi na themanini na nane, themanini na saba, themanini na nane, mistari kwenye kioo ikilaliana mpaka ukadhani ni mmoja. Watu wakaanza kuhama. Polepole, bila aibu, waliokuwa upande wa Kontena wakajikuta wamesimama karibu na Unywele, na mmoja akamletea soda. Akaipokea. Kichwa kilishaanza kuvimba, tusidanganyane.

Baada ya mvuto wa nane mwenye rola akatoa pamba sikioni. "Tuziache zipoe nusu saa."

"Ndiyo, zipoe," Kontena akadakia, jasho likimtiririka.

"Zipoe kwa nini?" akasema Unywele. "Mlimani kuna mtu atakuja kuzipepea? Endelea."

Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Gari la Kontena likavuta mara ya tisa, mia mbili arobaini na tatu, likateremshwa linakohoa. La daktari likapanda. Likanguruma, mshale ukapita alama elfu sita, na ndipo kikasikika kishindo kimoja kikavu, kama sahani inayovunjikia ndani ya kabati. Moshi wa buluu ukajaa banda. Mwenye rola akazima kila kitu, na katika ule ukimya watu walisikia oili ikidondoka sakafuni.

Hakuna aliyecheka mara moja. Halafu mtu akapiga mluzi, na Kontena akaachia kicheko cha tumboni, kicheko cha mtu aliyekuwa anazama akakanyaga chini. Akadai mvuto wake wa kumi. Akapewa. Mia mbili arobaini na moja, injini ya mtumba, haijulikani ilikotoka, hai na inanguruma. Wale waliohama wakahama tena. Aliyeleta soda alitamani kuichukua, ila ilishanywewa.

Unywele alitaka kulia. Alitaka sakafu ifunguke. Daktari wa meno alikuwa amesimama pembeni, uso umemshuka, na hakuwa mpole tena. "Nimelipa zaidi ya mara tatu ya bei ya ile pale," akasema, kidole kikionyesha gari la Kontena. "Mara tatu, mama. Ile iko hai." Kontena akamshika bega, akamwambia asijali, Jumatatu aje achague yoyote uwanjani, bei ya kirafiki, Jumanne yuko barabarani.

"Hakuna anayeondoka," Unywele akasema.

Akavaa ovaroli. Akamwomba mwenye rola sehemu ya kulinyanyulia gari, akasubiri injini ipoe, akaanza kuifungua pale pale mbele ya watu. Ilichukua saa tatu. Wengine waliondoka, lakini wengi walibaki, na daktari wa meno alibaki kwa sababu gari lilikuwa lake. Akatoa silinda hedi, kile kifuniko cha juu. Akashusha bakuli la oili. Akaisukuma nje pistoni ya tatu, na ukingo wake wa juu ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Akaitoa ile ringi, akaitazama ncha zake kwenye mwanga, jicho moja limefumba.

Hapo angeweza kusingizia. Mafuta mabaya, pistoni feki, presha imezidi, rola mbovu; mafundi tuna kabati zima la visingizio, na hakuna mteja anayeweza kututoa humo. Akamwita daktari karibu.

"Tazama hizi ncha mbili. Zinang'aa, umeona? Zimesuguana. Chuma kikipata moto kinatanuka. Mimi niliacha mwanya mdogo mno. Ringi ikatanuka, ncha zikakutana, ikakosa pa kwenda, ikang'oa pistoni. Si bahati mbaya, si mafuta. Kosa ni langu. Nilikuwa napenda sifa ya kubana."

Kontena akapiga makofi mara mbili. "Mmesikia wenyewe, kwa mdomo wake! Sasa funguo za chumba."

"Utazipata. Sasa fungua yako."

"Yangu nzima, niifungue ya nini?"

"Basi usiifungue. Tuambie tu kwa nini ni nzima."

"Kwa nini vipi? Ni nzima kwa sababu ni nzima!"

"Mwanya wa ringi zako ni kiasi gani?" Hakupandisha sauti. "Imetembea kilomita ngapi kabla ya kupakiwa melini? Nani aliifunga mara ya mwisho, na alikuwa na kipimo au alikisia? Imetoka mia mbili sitini na mbili ikafika arobaini na moja, Kaka. Zile ishirini na moja zimekwenda wapi?"

Kontena akageuka kutafuta wa kumsaidia. Alimtazama mwenye rola, na mwenye rola alikuwa anarudisha pamba sikioni.

"Yangu imekufa na najua kwa nini imekufa, kwa unywele," akasema Unywele. "Yako inaishi na hujui kwa nini inaishi. Wewe na huyu utakayemuuzia, wote mnaomba Mungu. Daktari, mimi nitakujengea upya, sitachukua hata senti. Ukitaka ya Kaka, nenda, sitakununia. Lakini msiniambie hizi ni kitu kimoja."

Akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha kaka yake mbele ya mashahidi wote. Akaibeba ile pistoni iliyomeguka kwenye kitambaa, akaenda kupanda basi.

Mume wake alikuwa mpishi wa hospitali, mtu wa kupikia watu mia tatu bila kutoka jasho. Alipomkuta mke wake jioni ile ameketi na pistoni mapajani, hakuuliza nani kashinda. Alisikia kila kitu mpaka mwisho, kisha akalitazama kochi, akaitazama meza ya kulia, akasimama.

"Sebule ndiyo chumba kisafi kuliko vyote humu ndani," akasema. "Kochi tutalitoa barazani."

"Na wageni?"

"Wakae barazani na kochi lao."

Jumatatu daktari wa meno hakwenda uwanjani kwa Kontena. Jumanne mchana alikuja nyumbani kwa Unywele na gari la kukokota, injini imefungwa kwa kamba nyuma yake. Alikuwa bado amenuna. Alipoiona sebule isiyo na kochi, vipande vya chuma vimepangwa kwenye shuka jeupe, alivuta pumzi.

"Mgonjwa akirudi kwangu kwamba jino nililoliziba linauma," alisema, "simrudishii hela yake aende kwingine. Namwambia apanue mdomo, nione nimekosea wapi. Kuna wenzangu hawawezi hata kuona." Akajikuna shingo. "Lakini nimekasirika. Nataka ujue hilo."

"Kasirika. Una haki."

Ilimchukua wiki tano. Hakulipwa kitu, pistoni mpya alinunua kwa akiba yake mwenyewe, na mji ulipita barazani ukichungulia na kucheka. Bibi wa jirani aliuliza kama ni kweli anafuga injini. Yeye alichonga ringi mara kumi na mbili. Alizipasha moto kwenye jiko la mumewe, akazipima zikiwa za moto, akaandika, akazipoza, akazipima tena, kwa sababu kitabu kilisema iongezewe bila kusema kiasi gani, basi yeye akakitafuta hicho kiasi mwenyewe. Mume wake akawa anakula chakula cha hospitali, na hakulalamika zaidi ya mara mbili.

Injini ilipokamilika walirudi kwenye rola. Safari hii hapakuwa na watu, ila mwenye rola na daktari. Mivuto kumi bila kupumzika. Mia mbili themanini na nne, nguvu nne pungufu ya zamani, tangu wa kwanza hadi wa kumi. Unywele akadai wa kumi na moja, huo wa hasira tu. Mia mbili themanini na nne.

Mwenye rola alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kumbe aliyatumia yote wiki ile, maana Jumamosi iliyofuata pikapu ya Kontena ilisimama nje ya baraza. Nyuma yake kulikuwa na injini imefunikwa turubai. Kontena alishuka, akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa, akavua kofia.

"Ni ile yangu," akasema.

"Imekufa?"

"Haijafa. Inaenda vizuri tu." Akaizungusha kofia mikononi. "Nilikuwa naendesha, watoto wako nyuma, tunateremka ule mlima. Nikajikuta naisikiliza. Kila mlio, nasema hiyo nini? Hiyo nini? Mwaka mzima sijawahi kuisikiliza injini. Umeniharibia raha, wewe."

Unywele akashuka barazani kuelekea kwenye pikapu. Moyoni alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

"Ifungue," Kontena akasema. "Uniambie ndani kuna nini. Kisha uijenge. Chumbani kwako rudi, mzigo nitapanga nje, nitatafuta maturubai. Ila na wewe, mdogo wangu, tuelewane kama ndugu. Ile bei yako ishuke. Watu wote wameona ulivyokosea."

"Chumbani nitarudi," akasema Unywele. "Bei imepanda."

Kontena akaruka kutoka kwenye kochi. "Imepanda! Injini imekufia mkononi mbele ya mji mzima, halafu bei imepanda? Kwa lipi?"

Unywele alikuwa ameshashika kona moja ya turubai, anaifungua kamba.

"Jumamosi ile kulikuwa na kitu kimoja sikijui," akasema. "Sasa nakijua. Shika upande huo, tuishushe."